Krismasi ya Nyumbani Huanza Oktoba

Mbege ya Krismasi, pombe ya ndizi na ulezi, haipikwi mkesha wa Krismasi. Mama wa Kichaga anayetaka wageni wake wanywe tarehe 25 Desemba huwa ameianza kazi hiyo wiki mbili nyuma au zaidi. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, ndizi zikavundikwa mpaka ziive, zikachemshwa kwa muda mrefu, kisha zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Ulezi nao una kazi yake: hulowekwa, ukaoteshwa mpaka ukawa kimea, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Yapo na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Ndipo vyote hukutanishwa. Hakuna hatua hata moja inayokubali kuharakishwa kwa sababu mwenye nyumba alichelewa kukumbuka.

Bibi zetu waliyajua haya bila kalenda ya ukutani. Sisi watoto na wajukuu wao, tuliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na ng'ambo, ndio tunaoifanya Krismasi kuwa jambo la ghafla, ilhali tarehe yake haibadiliki. Kila mwaka wiki ya tatu ya Desemba hutukuta tukigombania tiketi, tukimpigia fundi cherehani asiyepokea simu, tukiazima fedha za mafuta ya gari, na tukifika nyumbani tumechoka kiasi kwamba siku mbili za kwanza tunalala tu. Watani wetu husema tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo haunikeri hata kidogo, maana hata simulizi ya Krismasi katika Injili ya Luka inaanza na watu waliosafiri kwenda kwao kuandikishwa, Yusufu na Maria wakitoka Nazareti kwenda Bethlehemu, nao walifika wakakuta nafasi zimejaa.

Sura hii inaihusu safari hiyo ya kwenda nyumbani, na nimechukua mfano wa Kilimanjaro kwa kuwa huko desturi ya kurudi Desemba ina nguvu kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Anayekwenda Bukoba, Mbinga au Kisii atayatambua mambo yake humu humu.

Kazi ya sikukuu peke yake haimvunji mtu moyo. Watu wetu wamezoea kazi. Kinachowavunja ni maamuzi ambayo hakuna aliyeyafanya mpaka siku za mwisho, kisha yakaangukia mabega ya mtu mmoja au wawili: kaka mkubwa mwenye mshahara, na mke wa mtoto wa mwisho anayeishi na wazazi. Wengine hufika, hula, husifu, huondoka. Hao wawili hubaki na madeni na mgongo unaouma, na mwaka unaofuata utasikia mmoja wao amepata "dharura ya kikazi" asiweze kuja.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kikao, na kikao hicho kikae Oktoba. Nasema Oktoba kwa sababu bado kuna mishahara miwili ya kupanga mbele yake, na kwa sababu hakuna aliye na haraka bado. Watoto wote wa nyumba waitwe, wa kike na wa kiume, walio katika ndoa na wasio katika ndoa. Kundi la WhatsApp la ukoo linafaa kwa kutoa taarifa. Kwa kuamua mambo halifai, maana humo anayeandika sana ndiye huonekana amekubaliwa, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhia. Pigeni simu ya pamoja, msikie sauti za watu. Mwulizane nani anakwenda mwaka huu na nani hawezi, mtakaa siku ngapi, wageni wa nje ya familia ni wangapi, na nani atafanya nini kwa mikono yake. Fedha iwe ya mwisho. Ikitangulia, mengine yote hayatajadiliwa.

Niseme zaidi kuhusu fedha, maana hapa ndipo familia nyingi hupotezana. Desturi ya kupanga kiwango kimoja kwa kila mtoto inaonekana ya haki, na kwa kweli inamwonea asiye nacho. Katika nyumba yenye watoto saba, mmoja ni mhasibu, mwingine ana duka Kariakoo, na mmoja ni dada aliyeachwa na mume, anayeuza maandazi ili watoto wake wale. Mkipanga laki mbili kwa kila kichwa, wa kwanza atatuma kabla ya jioni. Yule dada atasema "nitaangalia", halafu simu yake itaanza kutopatikana, na tarehe 23 atawaambia mtoto anaumwa. Hana mtoto mgonjwa. Ana aibu. Mama atamwulizia siku nzima ya Krismasi, na nyama iliyonunuliwa kwa laki mbili za wengine haitaziba nafasi yake mezani.

Fanyeni hivi: mtu mmoja anayeaminika awe mweka hazina, kila mtu amtumie anachoweza faraghani, na asiwepo wa kusoma majina na viwango mbele ya watu. Baada ya hapo sikukuu ipangwe kwa fedha iliyopatikana. Ikitosha ng'ombe, sawa. Ikitosha mbuzi mmoja na mchele, basi mwaka huu ni mwaka wa mbuzi mmoja na mchele. Na asiye na fedha apewe jambo la kufanya lenye heshima yake, kama kutangulia siku tatu kusaidia nyumbani au kusimamia watoto wote njiani. Nimeona watu wakirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kukwepa kwa sababu tu kaka yao aliwapigia simu akasema, "Mdogo wangu, mwaka huu sihitaji hela yako, nakuhitaji wewe."

Halafu jikoni. Wageni ishirini wakilala kwenye nyumba moja kwa siku sita, wanahitaji chai asubuhi, chakula cha mchana na cha usiku, maji ya kuoga, na vyombo vinavyooshwa mara tatu kwa siku. Mtori hauji mezani wenyewe: ndizi zimenywe, nyama ichemshwe mpaka ilainike, ndizi ziive na kupondwa mpaka zishikane. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, nayo inataka mtu wa kusimama nayo. Kisusio, supu ya damu, kinataka anayejua majani yake na kipimo chake, na mara nyingi anayejua ni mmoja. Katika nyumba nyingi mzigo huu wote ni wa mkamwana mwenyeji, yule aliyebaki na wakwe zake mwaka mzima akiwauguza na kuwachotea maji. Mawifi wanapoingia kutoka mjini na mabegi yao, yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha kuni. Picha za Krismasi zikipigwa, hayumo. Yuko jikoni.

Jambo hili si la utamaduni wala si la heshima kwa mkwe. Ni uonevu tuliouzoea, na unazuilika kwa karatasi moja inayopangwa Oktoba. Kila siku iwe na zamu ya watu watatu, wanaume wamo. Mwanaume wa Kichaga anajua kuchinja, kuchuna na kuchoma. Hakuna kinachomzuia kumenya ndizi au kuosha masufuria. Vijana wa sekondari wapewe maji na kuni. Tarehe 25 yenyewe, kama mfuko unaruhusu, mlipeni jirani au wawili wasaidie kupika, ili wanawake wa nyumba hiyo waende kanisani wakiwa wameoga na wakae ibadani mpaka mwisho bila kufikiria sufuria. Na mkamwana mwenyeji apumzishwe siku mbili nzima aende kwao. Naye ana mama anayemsubiri.

Ukiwa na uhakika wa idadi ya watu, manunuzi huwa mepesi. Mchele wa nyanda za juu kusini na wa Kanda ya Ziwa huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai. Anayenunua gunia Agosti, hata kabla ya kikao, akalihifadhi vizuri hapati shida ya bei ya wiki ya Krismasi. Maharage na mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo. Mbuzi usimnunue mnadani tarehe 22 pamoja na mji mzima. Mnunue katikati ya mwaka akiwa mdogo, mwachie mzazi au jirani amlishe majani ya mgomba na nyasi za kihambani (shamba la nyumbani la Kichaga), mpatane malipo yake. Mtungi wa gesi uwe na wa akiba. Turubai, viti na masufuria makubwa ya kukodi hulipiwa kianzio Novemba, maana Desemba yote kijiji kizima kina harusi, ubatizo na kipaimara. Kitambaa cha nguo za watoto kifike kwa fundi kabla Oktoba haijaisha. Kama mna majirani au wakwe Waislamu, na familia nyingi siku hizi zinao, mwombeni mapema mmoja wao aje awachinjie, ili pilau iliwe na kila mtu aliyekaribishwa.

Sasa Januari. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wasafiri. Ukilipwa tarehe 20 Desemba na mshahara unaofuata ukaingia tarehe 28 Januari, umeachiwa siku 39 za kuishi kwa fedha ya mwezi mmoja, na ndani ya siku hizo shule zinafunguliwa. Shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli bado ni vya mzazi, na wenye watoto shule binafsi wanajua wanachodaiwa. Kodi ya nyumba ya miezi mitatu au sita nayo hupenda kuangukia hapo. Fedha ya Januari itengwe kwanza, iwekwe mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi, kabla hujakata hata tiketi moja. Ukiona baada ya kuitenga hakuna kinachobaki cha safari, umepata jibu lako la mwaka huu, na ni afadhali ulipate Oktoba ukiwa kwako kuliko Januari ukiwa kwa mkopeshaji.

Kwa mwaka ujao, anza na kibubu au akaunti ya pembeni. Shilingi 15,000 kila wiki, kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Novemba, ni wiki 43, yaani shilingi 645,000. Wengine hufanya hivyo kupitia VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wakagawana mwishoni mwa mwaka. Njia yoyote inafaa mradi fedha hiyo isiwe na kazi nyingine.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550, na wa Rombo au Marangu huachana na wenzao Himo. Kata tiketi mapema, katika ofisi ya kampuni au kwa mtandao, si kwa mpiga debe wa stendi ya Magufuli wiki ya mwisho. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, huweka nauli elekezi na huruhusu mabasi ya ziada mwisho wa mwaka, lakini viti bado havitoshi. Treni ya abiria ya Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, ni ya taratibu na inawafaa wenye watoto na mizigo, ukiangalia ratiba na kuwahi nafasi. Mwenye gari alipeleke kwa fundi mapema Desemba: breki, tairi, wepa, maana vuli huwa haijaisha na njia za migombani huteleza. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na watoto huvuka barabara hata pale ambapo hakuna askari mwenye tochi. Ondoka siku ambayo hukukesha kazini. Ajali za Desemba zimetuzikia watu wengi mno waliokuwa wanakimbilia kufika.

Ukifika, ni nani uliyemwendea? Swali hili lingepaswa kuongoza kila kitu, na mara nyingi hatulijibu. Tunawanunulia wazazi televisheni na makochi, kisha tunakaa kwenye makochi hayo tukiangalia simu. Mzazi wa miaka 78 anayeishi na msichana wa kazi na kuku wake hana upungufu wa makochi. Anataka mtu amsikilize habari za mwaka mzima, pamoja na zile alizokwisha kukusimulia mwaka jana. Anataka kukupitisha kihambani akuonyeshe migomba iliyoanguka, kahawa aliyopogoa, na mpaka ambao jirani ameusogeza. Tengeni asubuhi moja kwa kila mtoto, peke yake na mzazi, bila wajukuu wala shemeji. Iandikwe kwenye ratiba kama mnavyoandika siku ya kuchinja.

Na mpelekeni hospitali. Wazee wengi hawasemi wanachoumwa kwenye simu. Husema "nipo tu, tunamshukuru Mungu". Macho, presha, sukari, magoti, meno: vyote hivyo huonekana mkikaa naye siku mbili. Lakini kliniki nyingi hazifanyi kazi sikukuu, tarehe 25 na 26, wala mwishoni mwa wiki. Anayetaka kumpeleka mama yake KCMC au hospitali ya wilaya apange siku ya kazi kabla ya tarehe 24 au baada ya 26, afuatilie bima yake kama bado iko hai, na asikate tiketi ya kurudi siku hiyo hiyo. Sijui zawadi ya Krismasi inayoishinda miwani inayomwezesha mzee kusoma tena kitabu chake cha nyimbo.

Watoto wenu nao wana haja yao. Wamekulia Kimara na Mbagala, Kichaga hawakijui, na majina ya mababu zao hawajawahi kuyasikia. Wapeni kazi ya kumhoji bibi: aliolewa mwaka gani, mahari ilikuwa nini, babu mzaa babu aliitwa nani, kaburi hili la pembeni ni la nani. Warekodi kwa simu. Mashujaa wa katuni wanawajua kwa majina, hata wa nchi ambazo hawajazikanyaga. Na wa kwao wawajue.

Limebaki lile gumu kuliko yote, ambalo hakuna fedha inayoliandaa. Ndugu wawili hawasemezani. Labda ni kihamba, labda ni mazishi ya baba ambayo mmoja alichangia na mwingine akasema hakuchangia, labda ni neno lililosemwa na mke wa mmoja. Desemba inawaweka meza moja. Wakiisha kunywa, jambo hulipuka tarehe 25 usiku, mbele ya mama, mbele ya watoto, na Krismasi hiyo hukumbukwa kwa miaka kumi.

Mambo ya ardhi yasijadiliwe siku ya Krismasi. Yawekewe siku yake, tarehe 27 au 28, asubuhi, watu wakiwa hawajanywa, na mzee wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote aombwe mapema kuongoza kikao. Ikijulikana kwamba kuna siku yake, hakuna anayelazimika kulitapika mezani. Lakini kabla ya hapo kuna jambo la watu wawili tu. Wachaga walikuwa na jani la isale kwa kazi hii. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, naye aliyepelekewa huona vigumu sana kukataa kusamehe. Isale hilo hilo ndilo lililopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mahali hasa ambapo ugomvi huanzia. Kanisa nalo limetupa Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, wakati wa kujiandaa na kutubu. Sisi tumezifanya wiki hizo kuwa za kununua. Zirudisheni kwenye kazi yake. Mpigie ndugu yako Jumapili ya kwanza ya Majilio, usisubiri kumwona uso kwa uso mbele ya watu thelathini. Mwambie unakwenda nyumbani na ungependa mkutane mkiwa na amani. Kama hapokei, tuma mtu anayempenda. Kama bado anakataa, utakuwa umefanya sehemu yako, na utakaa naye mezani bila kisu moyoni.

Familia iliyofiwa mwaka huo ipange pia. Krismasi ya kwanza bila baba ni nzito, na kujifanya haipo huiongezea uzito. Amueni mapema nani atakaa kwenye kiti chake, nani ataomba kabla ya chakula, na saa ngapi mtakwenda kaburini kusafisha na kusali. Mama aulizwe anachotaka. Huenda hataki sherehe kabisa mwaka huu, na hilo nalo ni jibu halali.

Wapo wasioweza kwenda: muuguzi wa zamu, dereva, mlinzi, mama aliyejifungua Novemba, kijana aliyepoteza kazi. Kubaki mjini hakumwondoi mtu katika familia. Apewe muda wake wa simu ya video wakati wote wamekaa, si dakika mbili za kelele mtu akiwa anachuna mbuzi. Na wewe uliyebaki, mkaribishe mwenzako aliyebaki pia.

Kama unasoma kitabu hiki Oktoba, una muda wa kutosha kwa karibu yote niliyoyaandika. Kama ni Desemba tayari, acha turubai, acha nguo mpya, acha ng'ombe. Mpigie mama simu leo, mwulize anataka mkae naye siku ngapi, kisha kata tiketi kwa hesabu ya jibu lake.